Jukwaa Linapoungua: Mtaalamu wa Tarakilishi na Vita Visivyo Vyake

Neno jukwaa lina mizigo mingi katika Kiswahili cha leo. Jukwaa ni ulingo anaposimama mwigizaji wa tamthilia. Jukwaa ni mahali anapopanda mwanasiasa kuomba kura. Aidha, katika miongo ya hivi karibuni, jukwaa limekuwa jina la mfumo wa tarakilishi au wa simu ambao juu yake programu nyingine hujengwa: Windows ni jukwaa, na Linux, Android na iOS vivyo hivyo. Maana hizi tatu hukutana katika jambo moja. Anayesimama jukwaani si lazima awe ndiye aliyelijenga, wala si lazima aulizwe siku ya kulibomoa. Katika jambo hilo mna chanzo cha sehemu kubwa ya manung'uniko ya wataalamu wa tarakilishi, japo wao wenyewe aghalabu hukitafuta kwingine.

Machoni pa jamii, kijana aliyehitimu masomo ya tarakilishi na kuajiriwa jijini ameula. Jamaa zake hawaelewi analalamikia nini. Hachomwi na jua shambani, habebi magunia bandarini, na mshahara wake, hata usipokuwa mnono, huingia benki kila mwisho wa mwezi. Anapothubutu kusema kwamba kazi imemchosha, hujibiwa kwa methali: kazi mbi si mchezo mwema. Methali hiyo ina hekima yake kwa asiye na kazi. Hata hivyo, inapotumiwa kumnyamazisha aliye kazini, huzima swali ambalo lingefaa kuulizwa: ni nini hasa kinachomchosha mtu huyu?

Akisikilizwa kwa makini, itabainika kwamba hachoshwi na ugumu wa kufikiri. Ugumu huo ndio uliompendeza tangu chuoni. Kinachomchosha ni kutunga programu moja mara mbili, mara ya kwanza kwa simu za Android na mara ya pili kwa simu za iPhone, si kwa sababu mteja ana haja mbili bali kwa sababu kampuni mbili hazipatani. Ni kulipia mtihani wa cheti cha kampuni fulani, kisha kulazimika kukihuisha cheti hicho baada ya miaka michache, kana kwamba maarifa ni maziwa yanayochacha. Ni kuripoti kazini asubuhi na kuambiwa kwamba mfumo alioumilisi kwa miaka mitano umeachwa, na kwamba uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano ambao hakualikwa. Seremala aliyejifunza kutumia randa ana hakika kwamba kesho randa itakuwa randa. Mtunga programu hana hakika hiyo.

Hapo ndipo ushabiki unapoingia. Mtaalamu asiye na sauti katika uamuzi wa ofisi yake huipata sauti hiyo katika ubishi. Huitetea Linux dhidi ya Windows, au Apple dhidi ya Google, kwa ari ile ile ambayo shabiki wa Gor Mahia hujibizana nayo na shabiki wa AFC Leopards. Huwadharau wenzake wanaotumia mfumo mwingine na kuamini kwamba laiti mwajiri wake angebadilisha mfumo, uchungu wa kazi ungemwondokea. Hili ni kosa la utambuzi wa ugonjwa. Anayeumwa jino akapaka dawa ya kichwa hawezi kulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Kinachomuuma mtaalamu huyu ni kwamba chombo chochote kile huchaguliwa, hubadilishwa na huzikwa na watu wengine. Ubora au udhaifu wa chombo chenyewe huja nyuma ya hilo.

Historia ya kampuni hizi inaonyesha jinsi vita vyao vilivyo vyepesi kwa wenyewe na vizito kwa wafuasi. Mnamo Agosti 1997, mbele ya mashabiki wa Apple waliokusanyika mjini Boston, Steve Jobs alitangaza kwamba Microsoft ingewekeza dola milioni 150 katika Apple. Sura ya Bill Gates ilipojitokeza kwenye skrini kubwa, ukumbi ulizomea. Waliozomea walikuwa wateja na wafuasi. Wakuu wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kupatana. Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2014 mrithi wake, Satya Nadella, alitangaza kwamba Microsoft inaipenda Linux, na mwaka 2016 kampuni hiyo ikajiunga na shirika la Linux Foundation. Katika kipindi hicho cha miaka 15, ni wataalamu wangapi waliovunja urafiki, wakakataa kazi au wakakosa kazi kwa sababu ya uadui ambao wenye mali waliufuta kwa tangazo moja? Fahali wakipigana, nyasi huumia. Methali haikuongeza kwamba fahali wanaweza pia kupatana, na nyasi zikabaki zimeumia vile vile.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Nokia. Jina hili halihitaji maelezo kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Simu ndogo ya Nokia yenye tochi, iliyobandikwa jina la mulika mwizi, ilikuwa simu ya kwanza ya watu wengi vijijini na mijini. Katika simu zake za hali ya juu Nokia ilitumia mfumo ulioitwa Symbian, na kwa miaka mingi mfumo huo ndio uliotangulia duniani katika soko la simu za aina hiyo. Maelfu ya wahandisi nchini Ufini na kwingineko waliumilisi. Kisha zikaja iPhone mwaka 2007 na simu za Android mwaka 2008, na Symbian ikaanza kuachwa nyuma.

Septemba 2010 Nokia ilimwajiri Stephen Elop, akitokea Microsoft, awe mkuu wake. Februari 2011 alitoa waraka kwa wafanyakazi ambao ulivuja upesi na kusomwa duniani kote. Waraka huo ulianza kwa kisa. Mtu mmoja anafanya kazi katika mtambo wa kuchimba mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Kiingereza huuita mtambo huo kwa neno lile lile linaloita mfumo wa programu, yaani jukwaa. Usiku anaamshwa na mlipuko. Jukwaa linaungua. Ama abaki ateketee, ama ajitupe katika maji ya barafu. Anaruka na kuokoka. Nokia, waraka ulisema, imesimama juu ya jukwaa linaloungua. Siku chache baadaye, tarehe 11 Februari 2011, Elop alitangaza jijini London kwamba Nokia ingetumia mfumo wa Windows Phone wa Microsoft. Iliripotiwa kwamba siku hiyo wafanyakazi wengi wa Nokia mjini Tampere waliondoka ofisini mapema kwa hasira na huzuni.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, waraka huu unastahili kusomwa kama matini nyingine yoyote. Nguvu yake imo katika sitiari, na udanganyifu wake umo humo humo. Katika kisa kuna mtu mmoja, jukwaa moja na uamuzi mmoja: anayeungua ndiye anayeamua kuruka. Katika Nokia waliokuwa juu ya jukwaa walikuwa maelfu, na aliyeamua alikuwa mmoja. Sitiari iliwageuza waliotupwa majini kuwa mashujaa walioruka kwa hiari yao. Isitoshe, kisa kinaishia kwenye kuokoka. Hakisemi ni nani aliyekuwa na mashua.

Kilichofuata kinajulikana. Aprili 2011 Nokia ilitangaza kupunguza nafasi 4,000 za kazi na kuwahamishia wafanyakazi wengine 3,000, pamoja na shughuli za Symbian, kwa kampuni ya Accenture. Juni 2012 ilitangaza kupunguza nafasi nyingine 10,000, na kiwanda cha simu cha mji wa Salo kikafungwa. Aprili 2014 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha simu cha Nokia, na Julai mwaka huo ikatangaza kupunguza hadi nafasi 18,000, takriban 12,500 kati ya hizo zikitokana na kitengo hicho kilichonunuliwa. Julai 2015 zikafuata nafasi nyingine 7,800. Mfumo wenyewe ambao kwa ajili yake yote haya yalifanywa ulififia sokoni, na Januari 2020 Microsoft ikakoma kuuhudumia. Aliyeruka kutoka Symbian hadi Windows Phone alikuwa ameruka kutoka moto mmoja hadi mwingine. Elop naye, kwa mujibu wa mapatano ya mauzo hayo, alipata takriban yuro milioni 18.8, jambo lililozua ghadhabu nchini Ufini. Mashua, basi, ilikuwako.

Waraka wa pili wa Elop, ule wa Julai 2014, unafundisha vile vile. Ulifunguliwa kwa salamu nyepesi ya kirafiki. Ukaendelea kwa aya nyingi kuhusu mikakati, bidhaa na ndoto za kampuni. Mfanyakazi aliyetaka kujua kama bado ana kazi alilazimika kusubiri hadi mbali chini ya ukurasa kabla ya kuikuta habari ya maelfu watakaoachishwa. Mpangilio wa matini ni ushahidi wa mpangilio wa thamani: bidhaa mbele, mtu nyuma.

Mtu asidhani kwamba haya ni ya Ulaya pekee. Mwaka 2010 kampuni ya Kenya, Virtual City, ilishinda uwekezaji wa dola milioni moja katika shindano la Nokia la uvumbuzi kwa nchi zinazoinukia kiuchumi, na vijana wengi jijini Nairobi walihimizwa kutunga programu za simu za Nokia. Mwaka uliofuata jukwaa lile lilitangazwa kuwa linaungua. Mwaka huo huo wa 2011 Safaricom iliuza simu ya bei nafuu ya Huawei Ideos iliyotumia Android, na macho ya watunga programu yakageukia huko. Februari 2013 Microsoft na Huawei zilizindua simu ya Windows Phone iliyokusudiwa soko la nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na wito mpya wa kujifunza mfumo mpya ukatolewa. Waswahili walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika taaluma hii misala yote hupita, na kijana huambiwa kila mara kwamba mbachao wake umepitwa na wakati.

Kwa upande mwingine, Kenya ina mfano unaoelekeza kwingine. M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, haikumtaka mteja awe na simu ya aina fulani. Huduma yake ilipitia menyu iliyomo katika kadi ya simu, hivyo mulika mwizi ya mkulima iliweza kutuma pesa sawa na simu ya bei kubwa ya mkurugenzi. Waliobuni huduma hiyo hawakuanza kwa kuuliza ni jukwaa lipi bora. Huduma iliyozinduliwa ilijibu haja ya mtu aliyeko mjini ya kumtumia mama yake pesa kijijini. Hata hivyo, haki itendeke: M-Pesa nayo imegeuka kuwa jukwaa. Tangu mwaka 2017 watunga programu wamekuwa wakiunganisha kazi zao nayo kupitia mlango uitwao Daraja, na mwenye daraja ndiye apangaye masharti ya kuvuka. Jina la Kiswahili halibadilishi uhusiano wa mwenye jukwaa na anayesimama juu yake. Uwe wa kigeni au wa nyumbani, uhusiano huo unahitaji kutazamwa kwa jicho lile lile.

Huenda msomaji akapinga kwa kusema kwamba majukwaa hayako sawa, na kwamba kutetea lililo bora si ushabiki mtupu. Hoja hii ina uzito. Programu huria, ambazo msimbo wake husomeka na kila mtu na leseni yake humruhusu kila mtu kuubadilisha, zina tofauti ya kweli na programu zilizofungwa. Kabla ya kukumbatia Windows Phone, Nokia ilikuwa ikishughulikia mfumo huria ulioitwa MeeGo. Mradi huo ulipowekwa kando, baadhi ya wahandisi wake waliondoka, wakaanzisha kampuni ya Jolla mwaka 2011, na kuiendeleza kazi ile kwa jina la Sailfish. Waliweza kubeba jasho lao kwa sababu msimbo haukuwa umefungiwa kabatini. Lakini Jolla nayo ilikumbwa na ukata, na Novemba 2015 ikalazimika kuwapumzisha kazi sehemu kubwa ya wafanyakazi wake. Funzo lina pande mbili. Uhuria wa msimbo humpa mfanyakazi haki ya kuondoka na kazi yake. Haumpi chakula cha jioni. Anayeuchukulia kama dini atakatishwa tamaa, na anayeupuuza atajikuta amejenga maisha yake katika nyumba ya kupanga.

Wanaosoma Kiswahili wana mfano wao wa karibu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza azma ya kuzitafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili. Ghafla lugha iliyosubiri kwa muda mrefu mlangoni mwa tarakilishi ikawa na wachumba wawili, kila mmoja na orodha yake ya istilahi. Kiswahili hakikupendwa kwa uzuri wake tu. Kilikuwa uwanja mwingine wa mashindano. Hata hivyo, wataalamu wa lugha waliofanya kazi hizo waliacha kitu ambacho hakikutegemea mshindi. Istilahi nzuri ikishaingia katika vinywa vya watu, haiulizwi ilizaliwa katika kambi gani. Hadi leo wapo wanaosema tarakilishi na wapo wanaosema kompyuta, na wote hupata kazi zao zikiwa zimechapwa.

Kutokana na haya, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na vijana wa taaluma hii pamoja na vyuo vinavyowaandaa. Kwanza, vyuo vifundishe misingi kabla ya bidhaa. Mwanafunzi anayejua jinsi data inavyopangwa, jinsi mitandao inavyosafirisha ujumbe na jinsi tatizo kubwa linavyogawanywa katika matatizo madogo atauvuka ujio wa majukwaa kumi. Anayejua tu vitufe vya bidhaa moja atazeeka pamoja nayo. Mwalimu wa fasihi hamfundishi mwanafunzi kuhakiki riwaya moja tu hadi kaburini. Humpa nadharia na mbinu zitakazomfaa mbele ya riwaya ambayo bado haijaandikwa.

Pili, wafanyakazi watafute sauti mahali inapohusika. Nguvu inayoteketea katika ubishi wa nani zaidi kati ya Android na iPhone ingetosha kudai kwamba anayefanya kazi na mfumo ashirikishwe unapochaguliwa. Kwamba mwajiri anayebadilisha mfumo agharamie mafunzo na kutoa muda wa kujifunza. Na kwamba gharama za vyeti zisimwangukie kijana anayelipwa kima cha chini. Madai haya hayana mvuto wa ushabiki. Hayazui vicheko wala matusi. Lakini ndiyo yanayogusa jino linalouma.

Tatu, mtaalamu aitenge heshima yake na nembo ya kampuni. Hakuna ubaya kukipenda chombo kinachofanya kazi vizuri. Fundi ambaye hapendi vifaa vyake hawezi kuwa fundi hodari. Ubaya huanza pale anapojiita kwa jina la chombo, akadhani kwamba kuanguka kwa chombo ni kuanguka kwake, au kwamba ushindi wa mwenye kampuni ni ushindi wake.

Suala hili halijapitwa na wakati. Januari 2023 Microsoft ilitangaza kupunguza nafasi 10,000 za kazi, na mwezi huo huo ikatangaza uwekezaji wa mabilioni ya dola katika OpenAI, kampuni ya akili unde. Google ilitangaza kupunguza nafasi 12,000 katika mwezi huo. Uwanja wa mashindano umehama kutoka simu hadi akili unde, na tayari kuna vijana wanaojibizana kuhusu mashine ipi ina akili kuliko nyingine. Wito ni ule ule: ruka upesi, usiachwe. Kabla ya kuruka, inafaa kila mmoja aulize maswali ambayo waraka wa 2011 haukuyajibu. Ni nani aliyesema kwamba jukwaa linaungua? Yeye mwenyewe amesimama wapi? Na ile mashua iliyofungwa kando ya jukwaa, ina nafasi za watu wangapi?